Kisonono Kambini: Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Yako maradhi ambayo askari huyataja bila haya. Akishikwa na malaria humwarifu afande wake mapema, apate ruhusa ya kwenda zahanati. Akiteguka mguu mazoezini huchechemea mbele ya wenzake bila wasiwasi. Lakini usaha ukimtoka katika njia ya mkojo, askari yule yule aliyekabili risasi bila kupepesa jicho huanza kunyata. Hungoja giza liingie, akavaa nguo za kiraia, akaenda duka la dawa lililo mbali na kambi. Huko huuziwa vidonge vichache katika kipande cha karatasi; haulizwi jina, wala hapimwi. Baada ya siku mbili tatu maumivu hupoa, naye hushukuru kwamba hakuna aliyejua.

Hapo ndipo hasara inapoanza. Maumivu kupoa si kupona. Askari huyo hurudi nyumbani kwa mkewe, au huhamishiwa kituo kingine, naye amebeba kijidudu kilichoonjeshwa dawa bila kuuawa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Kwa kisonono, kilio hicho aghalabu hakimtoki mwenye kuficha. Humtoka mke asiyeshika mimba, au mtoto aliyezaliwa na macho yaliyofumbwa na usaha.

Ugonjwa huu unadai kazi tatu: kupimwa, kutibiwa na kuandikwa. Mbili za kwanza husemwa mara kwa mara. Ya tatu hudhaniwa kuwa shughuli ya karani tu, na kwa sababu hiyo hufanywa ovyo, au hufanywa kwa namna inayowatisha wagonjwa wakaikimbia zahanati. Maoni yangu ni kwamba vita dhidi ya kisonono katika majeshi na polisi vitashinda au vitashindwa juu ya daftari: nani anaandika, anaandika nini, na nani ana haki ya kusoma.

Kwanza tumtambue adui. Kisonono huletwa na kijidudu ambacho daktari Mjerumani Albert Neisser alikigundua mwaka 1879. Huambukizwa kwa kujamiiana, na mama huweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Kwa mwanamume dalili hutokea aghalabu kati ya siku ya pili na ya saba: mkojo huchoma, na usaha mzito wa rangi ya manjano au kijani hutoka. Kwa mwanamke mambo ni tofauti. Wanawake wengi hawaoni dalili yoyote, na wengine huona uchafu kidogo ambao huudhania kuwa jambo la kawaida. Wakati huo huo kijidudu hupanda taratibu hadi kwenye mirija ya uzazi, kikaacha makovu, na makovu hayo huleta utasa au mimba kutunga nje ya mji wa mimba. Mwanamume naye hasalimiki: korodani zaweza kuvimba, na njia ya mkojo yaweza kusinyaa. Zaidi ya hayo, kisonono hurahisisha kuambukiza na kuambukizwa virusi vya ukimwi.

Kutokana na tofauti hiyo hutokea dhuluma moja ambayo yafaa itajwe wazi. Mume mwenye usaha hutibiwa haraka kwa sababu maumivu humsukuma. Mke asiye na dalili hupimwa baadaye, na akikutwa na kijidudu huambiwa kuwa ndiye aliyekileta. Hakuna hadubini inayoweza kusema nani alimwambukiza nani. Aliyegunduliwa kwanza si lazima awe ndiye aliyeanza, na aliyegunduliwa mwisho si lazima awe ndiye mwenye hatia. Kazi ya tabibu ni kuwatibu wote wawili. Hukumu haimo katika kazi yake.

Sasa tuje kwenye kupima. Mwaka 1884 Hans Christian Gram, daktari wa Denmaki, alitangaza namna ya kutia vijidudu rangi ili vionekane vizuri. Mpaka leo njia yake ndiyo ya haraka na ya bei nafuu kuliko zote. Mhudumu wa maabara huchukua usaha, huupaka kwenye kioo, huutia rangi na kuutazama kwa hadubini. Akiona vijidudu vyekundu viwili viwili, mfano wa punje za maharagwe zilizokabiliana, vikiwa ndani ya chembe nyeupe za damu, basi kwa mwanamume mwenye usaha jibu hilo huaminika sana. Kwa mwanamke njia hiyo hukosa wagonjwa wengi mno, kwa hiyo kipimo chake chahitaji kuoteshwa kwa vijidudu katika maabara au mashine inayotambua chembe za urithi. Mashine za GeneXpert, ambazo zimeenea nchini Uganda kwa ajili ya kifua kikuu, zaweza kupima kisonono pia zikipewa vifaa vyake, na jibu likapatikana siku ile ile. Lakini mashine hiyo haisemi ni dawa ipi itakayomuua adui. Hilo hujulikana kwa kuotesha. Kila njia ina nafasi yake.

Iko zahanati nyingi zisizo na hata kimoja kati ya vifaa hivyo. Huko tabibu hutibu kwa dalili: akiona usaha, hutoa dawa ya kisonono pamoja na ya klamidia, kwa kuwa maradhi hayo mawili hufuatana na hufanana. Kutibu hivyo ni halali na kumewaokoa wengi. Kosa huingia pale tabibu anapoandika “kisonono” daftarini hali hakupima. Yapasa aandike alichokiona: “usaha katika njia ya mkojo, maabara haikupima.” Maneno hayo machache hutofautisha dhana na uthibitisho.

Msomaji atauliza: je, maneno machache kama hayo yana uzito gani? Historia ya Uganda inalo jibu. Mwaka 1908 Kanali Lambkin, tabibu wa jeshi la Waingereza, aliripoti kuwa kaswende imeenea Uganda kwa kiasi cha kutisha. Wagonjwa wengi wa wakati ule walitambuliwa kwa kutazamwa vidonda tu. Wachunguzi wa baadaye wameona kuwa sehemu kubwa ya kilichoitwa kaswende ya zinaa yaelekea ilikuwa buba, au kaswende ya aina ile isiyoenezwa kwa kujamiiana, maradhi ambayo hata watoto huyapata kwa kugusana. Lakini neno lilikuwa limekwisha kuandikwa. Juu ya neno hilo ilijengwa kampeni nzima ya matibabu, na hata hospitali ya Mulago ilipoanzishwa mwaka 1913 ilianza kama mahali pa kutibu maradhi ya zinaa. Kwamba hospitali ilipatikana ni heri. Kwamba watu wa nchi walibandikwa jina la aibu kwa ushahidi dhaifu ni somo. Daftari likisema uongo, hata bila nia mbaya, uongo huo huishi kuliko mwandishi wake.

Kuhusu kutibu, askari atafahamu upesi nikizungumza kwa lugha ya vita. Adui huyu husoma silaha zetu. Katika miaka ya 1930 zilikuja dawa za salfa, watu wakadhani mambo yamekwisha. Haikupita miaka kumi vijidudu vikawa sugu. Mwaka 1943 penisilini ilionekana kuponya hata wale walioshindikana kwa salfa. Penisilini ikatawala kwa miongo mitatu, lakini dozi ikawa inapandishwa mwaka hadi mwaka, mpaka mwaka 1976 vikagunduliwa vijidudu vinavyotengeneza kitu cha kuiharibu dawa yenyewe. Tetrasaikilini nayo ikaanguka. Ikaja siprofloksasini, kidonge kimoja tu, na watu wakafurahi. Mwaka 2007 Marekani ikaacha kuipendekeza kwa kisonono. Uchunguzi uliofanywa Kampala kwa wanaume wenye usaha umeonyesha kwamba dawa hiyo imeshindwa na sehemu kubwa kabisa ya vijidudu vya hapo. Basi anayekwenda dukani usiku kununua siprofloksasini amekwenda vitani na bunduki isiyo na risasi.

Silaha kuu iliyobaki ni sindano ya seftriaksoni, mara moja, kwa dozi iliyoamriwa na mwongozo wa Wizara ya Afya. Dozi yenyewe inapanda: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ulisema miligramu 250, na mwaka 2020 Marekani ikapanda hadi 500. Zipo dawa mpya zilizojaribiwa, miongoni mwao zoliflodasini, ambayo matokeo mazuri ya majaribio yake, yaliyofanyika Afrika Kusini na kwingineko, yalitangazwa mwaka 2023. Lakini dawa mpya ikitumiwa kwa desturi ya zamani, itakufa kama zile zilizotangulia.

Sindano pekee haimalizi tiba. Wote waliojamiiana na mgonjwa katika miezi miwili iliyopita hawana budi kuitwa na kutibiwa. Mgonjwa na mwenzake wajizuie kwa siku saba baada ya dawa. Dalili zikibaki arudi upesi, asingojee zamu iishe. Na hata akipona, apimwe tena baada ya miezi mitatu, kwa maana wengi huambukizwa upya. Siku hiyo hiyo ya kwanza apimwe pia virusi vya ukimwi na kaswende, maana mlango mmoja ulipofunguka, huenda wameingia wageni zaidi ya mmoja.

Nimefika kwenye kuandika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na afya ya kikosi ni mali. Tabibu amtibuye askari mwenye usaha yampasa aandike tarehe, siku dalili zilipoanza, alichokiona kwa macho yake, kipimo kilichofanywa na jibu lake, dawa na dozi yake, iwapo mgonjwa hudhuriwa na dawa yoyote, wenza wangapi wamearifiwa na wangapi wamefika, na tarehe ya kurudi. Askari huhamishwa. Leo yuko Gulu, mwezi ujao yuko Mbarara, mwakani yuko nje ya nchi katika ulinzi wa amani. Akifika kwa tabibu mpya na usaha ule ule, maandishi ndiyo yatakayosema kama ameambukizwa upya au dawa imeshindwa. Bila maandishi tabibu hubahatisha, na adui hupewa nafasi nyingine ya kuisoma silaha yetu.

Maandishi hayo huzidi kambi moja. Uganda ni miongoni mwa nchi zinazoshiriki mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia usugu wa kijidudu cha kisonono. Mpango huo hula chakula kimoja tu: sampuli zilizochukuliwa vizuri na maelezo yaliyoandikwa kwa ukweli. Askari anayetibiwa gizani hayumo katika hesabu, na asiyehesabiwa hawezi kupangiwa dawa.

Hapa wapo wakuu watakaonipinga. Watasema: mimi ndimi ninayejibu kwa ajili ya watu hawa, basi lazima nijue nani ana nini, na mwenye ugonjwa wa uzembe aadhibiwe ili wengine waogope. Hoja hiyo ina mantiki ya kijeshi, nayo imekwisha kujaribiwa. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1912 ya kumkata mshahara askari aliyelala kitandani kwa maradhi ya zinaa. Matokeo yalikuwa kwamba wagonjwa walijificha, wakajitibu wenyewe, wakaendelea kuambukiza. Mwaka 1944, katikati ya vita vikuu vya dunia, wakati kila askari alipohitajika, sheria hiyo ilifutwa. Taifa lililokuwa vitani pande mbili za dunia liliona kuwa adhabu inawanyima askari kuliko ugonjwa wenyewe.

Uganda nayo ina somo lake, tena la heshima. Mwaka 1986, katika mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote mjini Harare, Rais Fidel Castro alimwambia Rais Museveni kwamba kati ya askari 60 wa Uganda waliopelekwa Cuba kwa mafunzo, 18 wamekutwa na virusi vya ukimwi. Habari hiyo ingeweza kufungiwa kabatini. Haikufungiwa, ukimwi ukazungumzwa hadharani, redioni na vijijini, na Uganda ikajulikana duniani kwa ujasiri huo. Hebu tutazame ni nini kilichotumika: hesabu. Kumi na wanane kati ya sitini. Majina ya wale kumi na wanane hayakuhitajika ili taifa liamke.

Hiyo ndiyo kanuni ninayoitetea. Mkuu wa kikosi apewe hesabu: mwezi huu wagonjwa wangapi, mwezi uliopita wangapi, kompania ipi ina wengi. Kwa hesabu hizo ataagiza kondomu, ataomba dawa, atapanga mafundisho, na atauliza kuna nini katika mji jirani. Kuhusu askari mmoja mmoja, inamtosha kujua kama anafaa kazi au hafai, na kwa siku ngapi. Jina la ugonjwa libaki kati ya tabibu na mgonjwa. Karatasi ya maabara iandikwe namba badala ya jina. Daftari lifungwe kwa kufuli, na ufunguo usikae kwa karani wa zamu. Cheti cha mapumziko kisitangaze ugonjwa kwa kila atakayekipokea mlangoni. Na tabibu anayesimulia ya wagonjwa wake kwenye meza ya pombe achukuliwe kama askari aliyetoa siri ya kikosi, kwa sababu ndivyo alivyofanya.

Neno la peke yake kwa ndugu zetu polisi. Kwenu daftari la kisonono laweza kuwa ushahidi mahakamani. Mtoto aliyepita umri wa uchanga akithibitishwa kuwa na kisonono, madaktari huichukua kuwa ishara nzito kabisa kwamba amenajisiwa; visingizio vya taulo na viti vya choo havina uzito. Basi mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo pamoja na fomu ya polisi namba 3A. Sampuli ichukuliwe kabla ya dawa, na dawa isicheleweshwe kwa ajili ya upelelezi. Kutazama kwa hadubini peke yake hakutoshi hapa, kwa maana vipo vijidudu vingine visivyo na hatia vinavyofanana na hiki. Jibu lithibitishwe kwa njia nyingine. Yaandikwe saa ya kuchukua sampuli, jina la aliyeichukua, la aliyeipeleka na la aliyeipokea. Pengo la saa mbili katika mlolongo huo lamtosha wakili hodari kumwachilia mhalifu. Na jibu likiwa kwamba hakuna kisonono, msilifunge jalada. Watoto wengi walionajisiwa hawakuambukizwa chochote.

Polisi huyo huyo aliyetunza siri ya mtoto na kulinda sampuli kwa uaminifu ana haki ya kutendewa vivyo hivyo yeye mwenyewe anapougua. Kanuni ni moja: ukweli kamili ndani ya daftari, na kimya kamili nje yake.

Kwako wewe askari uliye kwenye lindo, uliye doria, uliye kota na familia yako, neno langu ni fupi. Usaha ukitoka au mkojo ukichoma, nenda zahanati asubuhi hiyo hiyo. Usimeze kitu kabla ya kupimwa. Mlete mwenzako bila kumpiga wala kumtukana. Tumia kondomu. Uliza lini urudi, kisha urudi. Una haki ya kumwuliza tabibu ameandika nini na nani atasoma.

Nanyi wakuu, jambo lililo mikononi mwenu halidai fedha nyingi: kabati lenye kufuli, tabibu asiyetishwa, na agizo moja lisomwalo paredini kwamba mgonjwa wa kisonono ni mgonjwa kama wengine. Agizo hilo likitimizwa kwa mwaka mmoja, idadi ya wagonjwa katika daftari itapanda kwanza, kwa sababu waliokuwa wamejificha watajitokeza. Msishtuke na wala msimlaumu tabibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa hauwezi kuzibwa kabla ya kuonekana.